Herufi H na mambo mengine yanayoninyima usingizi ofisini

Katika herufi zote za kibodi, ninayoiogopa ni h. X na q hatuna kazi nazo, zikae zilipo. H ndiyo inayobeba kukataa kwetu. Atalipa, hatalipa. Utapewa, hutapewa. Mmoja anadaiwa, mwingine kasamehewa, na kilichowatenganisha ni kiherufi ambacho nusu yetu hatukitamki sawasawa.

Kazi yangu ni nyaraka. Nilianza kama mpiga chapa, sasa nasimamia masjala, na kila barua, mkataba na muhtasari wa kikao hupita mezani kwangu kabla ya kutoka. Watu wakisikia hivyo hudhani natembea na kalamu nyekundu nikiwasahihisha wenzangu kwenye makundi ya WhatsApp. Huko andikeni mtakavyo, hata "xaxa" na "cjui", na mimi nimo. Ninachozungumzia hapa ni maandishi yanayomfunga mtu, yale ambayo yakishatiwa saini huwezi tena kusema "nilimaanisha hivi".

Kulikuwa na mkataba mmoja wa huduma, mrefu, wa viambatisho. Kifungu cha ucheleweshaji kilitakiwa kisomeke: "Mtoa huduma hatawajibika kwa hasara itakayotokana na Mteja kuchelewesha vifaa." Jambo la haki kabisa: ukinicheleweshea vifaa wewe, usije ukanidai mimi. Sisi ndio tuliokuwa watoa huduma. Katika nakala ya mwisho, ile iliyoletwa mezani na kalamu zimeshafunguliwa, kifungu kikasomeka "atawajibika". Wanasheria wa pande zote mbili walikuwa wameipitia. Kompyuta haikuweka mstari mwekundu, na ingeuwekaje? Atawajibika ni neno halali, lina mzazi na ukoo wake kwenye kamusi.

Aliyelinasa alikuwa dada mmoja wa upande wa pili, upande ambao kosa lile lingeunufaisha. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, midomo inacheza, kidole kinapita chini ya kila mstari. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Akainua uso na kuuliza, "Samahanini, hapa mmekubali kutulipa hata sisi tukiwakosea?" Chumba kizima kilicheka, isipokuwa mkuu wangu wa idara. Nakala zikachapwa upya.

Kiingereza kina neno zima la kukataa, la herufi tatu, "not", na bado liliwahi kudondoka. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme jijini London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo amri ya kutozini ilikosa neno hilo. Ni kama "usizini" igeuke "uzini", tena ikiwa ni sauti ya Mungu mwenyewe. Walitozwa faini ya pauni 300, wakanyang'anywa leseni, nakala zikasakwa na kuharibiwa. Ni chache tu zilizosalia, na wanaokusanya vitabu vya kale wanazililia. Huwa nawafikiria wale wachapaji kwa huruma, maana kupanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, kurasa mamia kwa mamia, si mchezo. Lakini pimeni: wao walidondosha neno zima. Sisi tunadondosha herufi moja mwanzoni mwa neno, na neno linalobaki linasimama wima kama hakuna lililotokea.

Tatizo letu linaanzia mdomoni. Tunajisifu kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na ni kweli, ila kinavyotamkwa na nani? Anayesema "apa" ataandika apa. Aliyewahi kuchekwa kwa kuacha h ataipachika hata isipotakiwa, aandike "hasubuhi" na "haidha". Anayechanganya l na r ataandika alivyomsikia bibi yake. Sina ugomvi na lafudhi ya mtu, kila mmoja na kwao. Ugomvi wangu unaanza lafudhi inapoingia kwenye fomu. Niliwahi kushika fomu ya maombi ya kazi, imechapwa kwa karatasi nzuri, na sehemu moja inamtaka mwombaji ajaze "Mahari pa kuzaliwa". Mwombaji mmoja, sijui alikuwa mcheshi au mtu makini tu, akajaza: "Bado haijatolewa."

Za kuchekesha hazinisumbui sana, maana anayecheka amekwisha kuelewa. Mtu akiandika kwamba wajumbe "walipiga kula", kila msomaji anajua kilichofanyika kwenye kikao, labda na baada ya kikao. Zinazonisumbua ni zile jozi ambazo ukikosea, sentensi inabaki na akili timamu. Chukua usaili na usajili. Tangazo likisema usaili utafanyika Jumatatu saa mbili asubuhi, mtu anakesha akijiandaa kwa maswali, anapiga pasi shati, anabeba vyeti halisi. Likisema usajili, anapita dakika tano kuandikisha jina na kuendelea na safari zake. Pungufu ya j moja, na nusu ya watu wanafika wakiwa wamejiandaa kwa jambo jingine.

Au samani na thamani. Hili ndilo ningependa lichongwe mlangoni mwa kila ofisi ya uhasibu. Karani mmoja alitumwa kuhesabu viti na meza. Akahesabu vizuri, hakuruka kitu. Juu ya karatasi, badala ya "Samani", akaandika "Thamani", kwa sababu ndivyo anavyolisikia neno hilo tangu utotoni. Chini yake: viti 40, meza 12, makabati 6. Karatasi ikapelekwa kwa mhasibu wa idara nyingine bila maelezo. Mhasibu akaona kichwa cha habari kinasema thamani, akaona tarakimu, akahitimisha kwamba hizo ni fedha zilizoandikwa kwa maelfu, akaziingiza kwenye safu ya fedha. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu. Mkaguzi alipokuja na kuuliza kwa nini makabati yote yana thamani ndogo kuliko meza, hakuna aliyekuwa na jibu, mpaka mtu alipokwenda kuyahesabu makabati.

Kisahihishi cha kompyuta hapa hakisaidii chochote. Kwanza, kompyuta nyingi hazijui Kiswahili kabisa: ukurasa mzima unakuwa mwekundu, na mtu akizoea wekundu haoni tena kosa la kweli. Pili, hata kile kinachojua Kiswahili kinakagua kama neno lipo, hakikagui kama ndilo ulilokusudia. Simu ndiyo balaa zaidi, maana yenyewe haiulizi. Inabadilisha na kutuma.

Na hapo sijagusa majina. Majina ndiyo yanayokula muda wangu.

Neno la kawaida ukilikosea, msomaji atalirekebisha kichwani kwa kuangalia sentensi. Jina halina sentensi ya kuliokoa. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Hasan na Hassan. Salim na Salimu. Zote ni sahihi duniani, ila kwa mwenyewe iliyo sahihi ni moja tu, na wewe karani huna haki ya kuchagua. Zamani masjala ilikuwa na mzee mmoja aliyewajua watu wote kwa sura. Akiona m imezidi, anajua ni fulani yuleyule. Mfumo wa kompyuta haumjui mtu. Unazijua herufi tu, na herufi ikizidi, kwake huyo ni mtu mwingine.

Uingereza mwaka 2009, ofisi ya serikali inayosajili makampuni iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kampuni ya Taylor & Sons imefilisika. Iliyofilisika ilikuwa Taylor & Son. Herufi s moja. Taylor & Sons ilikuwa kampuni ya kihandisi ya Cardiff yenye wafanyakazi zaidi ya 250, hai na inafanya kazi. Kosa lilirekebishwa ndani ya siku chache, lakini taarifa ilikuwa imekwisha kusambaa kwa wanaopima uwezo wa makampuni kulipa madeni. Wauzaji wakaacha kuwakopesha bidhaa, wateja wakaingiwa na hofu, na miezi michache haikupita kampuni ikaanguka kweli. Uongo ukawa ukweli. Mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba ofisi ile ilipaswa kuwa makini na inawajibika. Ninachokiona mimi katika habari hii ni hizo siku chache. Kusahihisha kulifanyika, tena haraka. Ila karatasi ikishatoka mlangoni huiwahi tena, na nakala zake huzijui ziko kwa nani.

Karibu zaidi na meza yangu, kulikuwa na mstaafu mmoja. Siku anaajiriwa, jina lake liliandikwa kwa m moja. Miaka ikapita, mfumo ukabadilishwa, mtu akaingiza upya majina yote, lake likapata m mbili. Makato ya pensheni yakaendelea kukatwa kila mwezi, kwa uaminifu mkubwa, kwa jina la mtu asiyekuwepo. Alipostaafu, ofisi ya pensheni ikaona watu wawili: mmoja mwenye kitambulisho na makato ya mwanzo tu, mwingine mwenye makato ya miaka mingi na asiye na kitambulisho. Wakamtaka hati ya kiapo, barua ya mwajiri, nakala za vyeti, kisha barua nyingine ya kueleza ile barua. Alikuwa anakuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, anaketi, anaitoa karatasi moja moja kama anayegawa karata. Siku moja nilimweleza kwamba wanataka aandike maelezo kwa nini anatumia majina mawili. Akanitazama kwa upole tu. "Mwanangu," akasema, "hiyo m ya pili sikuiomba mimi."

Tangu hapo nina utaratibu ambao baadhi ya wageni huuona wa kitoto. Mfanyakazi mpya anaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Mimi nalichapa kutoka kwenye kitambulisho, si kutoka kwenye alichoandika wala alichotamka. Kisha namsomea herufi kwa herufi, naye anafuata kwa macho kwenye karatasi yake, na zikitofautiana tunasimama hapohapo. Mwisho anatia saini pembeni ya jina. Mabwana wakubwa wengine hukasirika: mimi nisomewe jina langu kama mtoto wa chekechea? Ndiyo, mheshimiwa, tusome.

Wenzetu wa hospitali wana shida kubwa kuliko hizi, maana kwao jina ni la dawa. Kuna hydralazine, ya kushusha shinikizo la damu, na kuna hydroxyzine, ya mizio na wasiwasi. Yaangalie haraka uone yanavyofanana. Ndiyo maana maduka ya dawa na hospitali nyingi huyaandika kwa kukuza herufi zinazotofautiana, hydrALAZINE na hydrOXYzine, ili jicho likwae. Mwaka 2016 huko Marekani dawa ya sonona iliyoitwa Brintellix ilibadilishwa jina kuwa Trintellix, kwa sababu ilikuwa ikichanganywa na Brilinta, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kampuni ilikubali kuanza upya kulitangaza jina ili kukwepa herufi tatu za mwanzo. Nikisikia mtu anasema tahajia ni kazi ya walimu wa lugha, namtajia hizo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna watu wanasoma hapa wakidhani tuko pamoja. Mwenzangu mmoja wa rasilimali watu hutupa kapuni kila maombi ya kazi yenye kosa moja la tahajia. Anajivunia kabisa: "Nikiona tafadhari kwa r, sisomi mstari wa pili." Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hatujakubaliana. Nafasi ikiwa ya kupitia mikataba au kuandika maelezo ya dozi, sawa, mpime kwa hilo, na mpe karatasi aisahihishe mbele yako. Lakini fundi umeme aliyeandika tafadhari anaomba afunge umeme. Mtupie jicho kwenye anayoyajua. R yake inaniambia alikokulia, haisemi lolote kuhusu nyaya zake. Isitoshe, wasifu mwingi siku hizi umesafishwa na programu au na binamu aliyesoma, kwa hiyo unaowatupa ni wale waliojiandikia wenyewe. Ninachokiangalia mimi ni kama mwombaji amekosea jina la tunapofanyia kazi au la mtu anayemwandikia. Hilo lilikuwa mbele ya macho yake kwenye tangazo, limeandikwa kikamilifu, alichotakiwa ni kunakili. Asiyenakili jina lililo mbele yake atanakilije namba ya akaunti?

Kuna makosa ambayo kwa kweli hayamdhuru mtu. Benki kuu ya Australia ilitoa noti ya dola 50 mwaka 2018, na kwenye maandishi madogo mno, ya hotuba ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini humo, neno la Kiingereza lenye maana ya wajibu likakosa i moja. Noti milioni 46 zilikuwa zimechapwa kabla habari haijatoka mwaka 2019. Noti zikaendelea kutumika kama kawaida. Watu walicheka, benki ikasema itarekebisha toleo linalofuata, maisha yakasonga. Aibu ni aibu, lakini hakuna aliyepungukiwa dola.

Umakini wa tahajia una faida nyingine ambayo watu huisahau: unamlinda anayesoma. Februari 2016 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi hazikurudi. Agizo jingine la dola milioni 20 lilikuwa linaelekea kwa shirika moja Sri Lanka. Wezi, wanaojua kuvunja mifumo ya benki, hawakujua kuandika "foundation", wakaandika "fandation". Benki iliyokuwa ikipitisha fedha, Deutsche Bank, ikaona neno la ajabu, ikauliza, na fedha zikazuiwa. Watu wanaipenda hadithi hii kwa sababu ya wezi wasiojua kuandika. Mimi namkumbuka aliyekuwa anasoma. Angekuwa na haraka, au angekuwa mtu wa "tumeelewana", milioni 20 zingekwenda.

Kwa hiyo ankara ikija na kusema akaunti ya malipo imebadilika, naisoma anwani ya barua pepe ilikotoka, herufi kwa herufi. R na n zikikaa karibu, kwenye kioo kidogo cha simu zinaonekana m. Jaribu mwenyewe: rn, m. Mtu anasajili anwani inayofanana na ya mzabuni wako, tofauti yake ni hiyo tu, anakutumia ankara iliyo safi kuliko ya mzabuni halisi, nawe unalipa. Zamani tuliwatambua matapeli kwa Kiswahili chao kibovu. Siku hizi barua zao zimenyooka kuliko zetu, kwa hiyo usitafute kosa kwenye maelezo, litafute kwenye anwani.

Wanaoniuliza nafanyaje, jibu langu huwavunja moyo kwa sababu halina ufundi. Nasoma kwa sauti, kila silabi. Kwa vifungu vya mkataba nazungushia duara kila kitenzi kinachoanza na a au ha, u au hu, kisha namuuliza aliyeandika: anakubali au anakataa? Majina na tarakimu nazipitia kando, siku nyingine ikiwezekana, kwa sababu jicho linalofuata maana huruka majina. Na aliyechapa hasahihishi peke yake. Anasoma alichokusudia, hasomi kilichopo.

Vingine vimeshanishinda. Kosa likiingia ndani ya mfumo na mifumo mingine ikaegemea juu yake, linakuwa ndiyo sheria. Mara nyingi unapobonyeza kiungo kwenye mtandao, kivinjari chako huiambia tovuti umetokea wapi, kwa neno "referer" ambalo Kiingereza sahihi kinataka r mbili katikati. Liliingia hivyo kwenye hati rasmi ya kanuni za mtandao mwaka 1996 na halijatoka. Mtaalamu anayeandika programu leo akiliandika kwa usahihi, programu yake haitapata kitu.

Nasi tuna letu. Kwenye orodha ya kuchagua ya mfumo wetu wa mafaili kuna "Idala ya Fedha". Nimeomba lisahihishwe, mafundi wakanijibu kwa adabu kwamba ripoti zote za miaka ya nyuma zimefungwa kwenye neno hilo na likiguswa zitakatika. Basi, mfanyakazi mpya akija masjala, namfundisha kutafuta kwa l, kisha namsihi asije akaliandika hivyo kwenye barua.